Kijiji Kilikimbia Kifaru Changu cha Bidoni

Kijiji chetu kizima kilikimbia kifaru cha vita ambacho urefu wake hauzidi mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Nilikitengeneza mimi mwenyewe. Na siku ya kukimbia nilikuwa katikati ya msafara, nimekibeba kichwani ndani ya mfuko, nakimbia kitu ambacho nakwenda nacho.

Nimekosa! Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea nakujua vizuri mno.

Jina langu silitaji. Watu wa Kibabi, kijiji chetu, watanitambua kabla ya kumaliza ukurasa huu. Hao siwezi kuwaficha. Nawaandikia ninyi wengine, mnaosoma makosa ya wenzenu huku mnakunywa chai.

Kazi yangu ni kuchaji simu na kuzitengeneza. Nina kibanda cha mbao kando ya barabara, paneli ya jua juu ya bati, na meza iliyojaa matumbo ya simu zilizokufa. Nilikuwa pia na cheo ambacho hakuna aliyenipa kwa sherehe. Watu waliniita Kontroli.

Cheo kilitokana na grupu la kijiji kwenye simu, lile la habari za usalama. Kila siku mtu hutuma picha: gari limeungua, moshi juu ya mlima, askari wasiojulikana wamepanga mstari. Kila siku mtu huanza kukusanya sufuria. Ndipo wengine huandika: "Ngojeni, Kontroli aangalie kwanza."

Nami huangalia. Naikuza picha, natazama mabango, miti, viatu vya watu. Kisha natoa hukumu: "Hii barabara iko na lami nzuri. Lami kama hii, hapa kwetu mumeshaiona wapi? Hizi nyuma ni mitende. Masisi tulianza kupanda mitende lini? Rudini kwa maharagwe yenu." Na watu hurudi kwa maharagwe yao.

Nilipenda sana heshima hiyo! Nilitembea polepole kwa ajili yake, kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa nieleze jinsi kifaru kilivyozaliwa. Msimu wa mvua kwetu, wingu hukalia vilima kama kuku anayeatamia. Jua likikosekana paneli hulala, na paneli ikilala fundi naye hana la kufanya. Kwenye uvivu huo nikaanza kukata plastiki.

Sikutaka kutengeneza kifaru cha kawaida. Vya kawaida tumeviona vya kutosha, na hakuna aliyetuomba ruhusa. Nilitaka kifaru cha vita visivyokuwepo, vita vya watu wanaokaa kwenye nyota nyingine, huko mbali ambako hata kodi haifiki. Kiwe na minyororo minne badala ya miwili. Kiwe na macho matatu. Kisiwe na mlango, kwa sababu dereva wake ni mashine na mashine haishuki kwenda haja.

Mwili niliukata kwenye bidoni ya njano ya mafuta, ile plastiki nene inayokunjika bila kuvunjika. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya chupa za maji, viwiliviwili, mgongo kwa mgongo. Minyororo niliikata kipande kimoja kimoja kutoka kwenye kandambili zilizokatika, nikavitunga vipande kwenye waya wa shaba wa chaja mbovu. Mizinga ilikuwa mabomba ya kalamu. Kwa antena, unashika bomba la kalamu juu ya mshumaa, likilegea unalivuta taratibu, linakuwa uzi mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Kole, ile gundi kali ya dukani, ikishindwa kuziba pengo, unanyunyizia majivu ya jikoni juu yake. Inakuwa jiwe papo hapo.

Na misumari! Mnajua nilipata wapi vichwa vya misumari? Kwenye mswaki mzee. Ukisogeza unywele mmoja wa mswaki karibu na moto, ncha yake hujikunja ikawa kitone cha duara. Unakata, unabandika. Unakata, unabandika. Mwanaume mzima wa zaidi ya miaka thelathini, asiye na mke, ameinama mezani anabandika nywele za mswaki!

Rangi nilichanganya masizi ya taa na mabaki ya rangi ya bati. Halafu nikafanya lile ambalo ningeliacha, nisingekuwa na cha kuungama leo. Nilikipaka matope. Matope halisi ya barabara yetu, mepesi juu, mazito chini, mengine yamekauka na kupasuka kwenye minyororo. Kabla ya matope kilikuwa kitu cha kuchezea. Baada ya matope kilikuwa kimetoka mahali.

Hakuna aliyekiona. Nilikificha chini ya kitanda kama watu wengine wanavyoficha pombe. Kwetu mwanaume wa umri wangu akikutwa na pombe husemwa ana shida. Akikutwa na mdoli wa gari, mama wote wenye mabinti hugeuza njia.

Lakini kazi nzuri inauma isipotazamwa. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, "Eh!" Basi.

Siku moja wingu likapasuka kidogo alasiri. Nikakipeleka kifaru kwenye kona ya barabara, pale chini ya mikaratusi, nikakiweka juu ya ukingo wa udongo, nikalala kifudifudi na simu usoni pa ardhi. Ukipiga picha hivyo, kitu kilicho karibu hujaza barabara, na miti iliyo nyuma husimama kama vijiti kando yake. Nilipiga nyingi. Moja ilinitisha hata mimi.

Hiyo ndiyo niliyoituma kwenye grupu. Nikaandika chini yake: "Wataalamu, hii ni kitu gani?" Nilipanga waulize, washangae, wagombane, kisha jioni nitoe jibu nipigiwe makofi.

Nilimrudisha mtoto wangu wa bidoni chini ya kitanda, nikaenda kuoga.

Hapa ndipo niwaeleze jambo ambalo watu wa mahali pengine hawalijui. Kwetu hakuna king'ora. King'ora chetu ni godoro. Mtu anaweza kubeba sufuria kwa sababu nyingi, anaweza kubeba mbuzi kwa sababu nyingi, lakini hakuna anayekwenda matembezi na godoro. Ukimwona mama mmoja amelifunga kwa kamba na kulitia kichwani, humuulizi kitu. Unaenda kufunga lako. Aliyengoja kuuliza mara ya kwanza, mara ya pili hakuwepo wa kuuliza.

Nilitoka kuoga na sabuni bado masikioni. Mama Sifa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amesimama barabarani. Na godoro kichwani.

"Mama Sifa, munaenda wapi?"

"Weye njo unaniuliza? Si weye umetuma picha!"

"Ile picha..."

"Nimeona mikaratusi yetu nyuma yake, kaka. Iko pale kwenye kona. Kama unangojea ikuye kuchaji simu kwako, ngojea."

Nikatazama barabara. Godoro lingine. Na lingine. Na moja lenye mkojo wa mtoto uliochora ramani. Mungu wangu!

Msicheke kwamba kifaru kilikuwa na macho matatu na minyororo minne. Watu wa hapa wamekwisha kuona vitu vinavyoruka bila mtu ndani. Kwa nini wasiamini kinachotambaa bila mtu ndani? Kila mwaka vita vinatuletea chombo ambacho mwaka uliopita kilikuwa hadithi.

Baba mdogo, ndugu wa Papa yangu, akaja anahema.

"Kontroli! Ile picha umeiangalia muzuri?"

"Nimeiangalia."

"Haiko ya kutengeneza na simu?"

"Hapana. Picha haikuguswa."

Ndugu zangu, kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo! Baba mdogo aligeuka na kupiga kelele njia nzima: "Kontroli ameangalia! Kontroli amesema haikuguswa!" Waliokuwa bado wanasitasita wakaingia ndani kutafuta kamba.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja: ni plastiki, nimeitengeneza mimi. Lakini Mama Sifa alikuwa ananitazama, na binti yake, na nusu ya kanisa. Niliona sentensi hiyo ikitoka na mimi nikibaki nimesimama na taulo, mwanaume wa midoli. Nikachagua kijiji kikimbie.

Nimeandika hivyo bila kupamba. Nilichagua kijiji kikimbie.

Lililobaki ni Papa.

Papa yangu ni mkulima wa maharagwe na mihogo, mzee wa magoti mabaya na mdomo mzima. Alikuwa amekwisha kuacha kukimbia. Maisha yake yote alikimbia, akarudi, akakuta mlango umefanywa kuni, akaweka mwingine. Mara ya mwisho aliporudi alitangaza kwamba miguu yake imestaafu kazi hiyo. Tangu hapo, watu wakifunga magodoro yeye hukaa kibarazani akipukuchua maharagwe na kuwaaga. "Mukirudi mutanikuta," huwaambia. "Na kama siko hai, hamutapata taabu, niko karibu na shimo." Haamini redio. Haamini chifu. Mchungaji humwamini Jumapili tu, na si mahubiri yote.

Nilikwenda kwake nikiwa na matumaini. Nilijua Papa hatainuka, nitabaki naye, wengine watarudi kesho, na kifaru nitakichoma moto.

Alikuwa ameshika simu ya Baba mdogo, ameisogeza mbali na macho.

"Hii picha, ni weye ulituma?"

"Ni miye, Papa."

"Blende hii uliiona na macho yako?" Blende ndivyo tunavyoita kifaru cha vita.

"Niliiona."

Aliweka ungo chini. Akatafuta fimbo yake.

"Basi twende. Ingekuwa hawa wengine singeinuka. Mutoto wangu hasambazi uongo."

Baba mdogo alikuwa mlangoni, akitusubiri. Nikaenda kuchukua mfuko wangu, kwa sababu kama jirani yeyote angebaki na kuingia kwangu, angekikuta chini ya kitanda.

Hivyo ndivyo nilivyokibeba.

Mkitaka kuwajua majirani zenu, waangalieni wanavyobeba. Mwanaume mmoja alibeba mlango wa nyumba yake mgongoni, bawaba zikilia. Mzee wa kanisa alibeba spika ya kwaya, akamwachia mke wake watoto. Wamama wawili walikuwa wameshika mti, na katikati ya mti inaning'inia sufuria ya maharagwe iliyotolewa motoni, bado inatoa mvuke. Kila aliyewapita aliuliza kama yameiva. Mimi nilikuwa na mfuko wenye mizinga miwili inayonichoma utosini.

"Kaka, umebeba nini ngumu hivyo?" aliuliza Mama Sifa.

"Vyombo vya kazi."

Na huko njiani kifaru kilikua. Mmoja alisema amesikia mngurumo. Mwingine akasema si mngurumo, ni kama kusaga mahindi. Kijana mmoja alikuwa ameona alama za minyororo minne kwenye matope. Akatuonyesha kwa mikono upana wake, na mikono ikakosa kutosha. Kabla ya kufika Kingi, kijiji tulichokimbilia, vilikuwa vitatu. Mzee wa kanisa alisimamisha msafara akaviombea vipofuke macho yao yote matatu. Nilisema amina. Ningefanya nini?

Papa alitembea ameshika bega langu, na magoti yake yalikuwa yanatoa mlio niliousikia vizuri kuliko mngurumo wowote.

Kingi walitupokea kwenye madarasa ya shule. Siku ya pili nilishindwa kuvumilia. Lakini badala ya kwenda kwa Papa, nilikwenda kwa mtu niliyedhani atacheka tu. Nilimwita Baba mdogo nyuma ya vyoo, nikafungua mfuko.

Akachungulia ndani.

"Hii?"

"Njo hiyo."

"Hii njo nimekimbia? Mungu wangu! Nimekimbia bidoni!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Alikisukuma kwa kidole, kikatembea, akacheka upya. Kisha kicheko kikakoma ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni.

"Umeshaambia muntu?"

"Hapana."

"Usiambie. Bamama watakuua mbele jua haijazama. Niachie. Nitarudi kwanza miye, nitasema nimeenda kuchunguza, halafu nitawaita pole pole."

Nilimshukuru! Nilimshika mikono miwili! Nikavua koti langu la mvua nikampa, asilowe.

Alasiri hiyo nilikwenda foleni ya maji. Niliporudi darasani, mahali pa Papa palikuwa na majani makavu tu. Mama Sifa akanipa ujumbe. Papa alipata pikipiki inayoelekea upande wa Walikale, akaondoka kwenda kwa dada yake, shangazi yangu, aliyeolewa Buleusa.

"Alisema nini?"

"Alisema kama Kontroli amekimbia, basi Kibabi imekwisha."

Baba mdogo hakutuita pole pole. Hakutuita kabisa. Watu walichoka na madarasa, wakaanza kurudi wenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu maharagwe hayangoji amani. Nami nilirudi. Nikapanda moja kwa moja kwenye shamba la Papa.

Shamba hilo liko kwenye mteremko: upande wa chini unagusa kijito, upande wa juu unagusa njia. Baba mdogo alikuwa upande wa chini, amevaa koti langu, analima. Na hakuwa ameanza asubuhi hiyo.

"Baba mdogo, unafanya nini?"

"Ninachunga."

"Kuchunga na jembe?"

"Shamba bila muntu inapata muntu, mutoto. Afazali ipate ndugu."

Kwetu maneno hayo si mzaha. Mzozo wa shamba ukifika kwa wazee, swali lao la kwanza si shamba ni la nani. Huuliza: msimu uliopita, nani alilima? Papa asiporudi kupanda, atakuja kuwa mgeni kwenye udongo aliozaliwa juu yake. Na aliyemtoa ni mimi, na nywele za mswaki.

Ndipo nikasema. Mmechelewa kusikia neno hilo, hata kijiji kilichelewa. Jumapili, baada ya ibada, niliomba nafasi ya matangazo. Nikakiweka kifaru juu ya meza, kati ya maua na kikapu cha sadaka, nikaeleza yote.

Mzee wa kanisa akasimama.

"Kijana, usituzarau. Miye nilisikia mashini yake."

"Ulisikia nini, mzee?"

"Nilisikia! Hata imbwa yangu ilisikia. Unataka kusema imbwa ni muongo?"

"Na zile alama kwenye matope?" akadakia yule kijana wa mikono mipana. "Hii kidude inaweza kuacha alama kama zile?"

Wengi wakakubaliana naye. Nilikuwa nimetumwa, walisema. Nilitaka watu walegee ili vile vikubwa vitatu vije vizuri. Mimi, niliyewazuia kukimbia mitende, nilipowaambia ukweli wenye ushahidi mezani, walinitazama kama picha ya uongo!

Aliyeniokoa ni Mama Sifa. Alikuja mbele, akakigeuza kifaru tumbo juu, akakikagua kama anayenunua kuku.

"Ngojeni. Hii jicho ya katikati si kifuniko ya bidoni yangu? Angalia, iko na alama ya meno ya mutoto. Nimeitafuta hii kifuniko mpaka nikapiga mutoto!" Akanigeukia. "Kumbe weye ni mwizi pia!"

Akaling'oa jicho la katikati mbele ya kanisa lote, akalifuta matope kwa kitenge, akaondoka nalo. Hapo ndipo watu walianza kuamini. Sitawasimulia waliyosema. Baadhi yao wana cheo kanisani.

Walinipa adhabu ya kutengeneza kona ya mikaratusi peke yangu, mawe na mitaro, kila siku ya salongo, ile kazi ya jamii ya asubuhi. Hiyo niliifanya kwa furaha. Kilichoniumiza ni kingine. Si zamani ilikuja picha ya nyumba zinazoungua. Nikaikuza, nikaona mitende, nikaandika: "Hii si ya huku, kuna mitende." Mtu akajibu: "Na weye nyamaza, Papa Blende." Nusu ya kijiji ikalala Kingi. Mtoto mmoja alirudi na homa ya kifua. Alipona, asanteni kwa kuuliza. Lakini mama yake akinikuta njiani hugeuza uso, na ana haki.

Basi nikaenda Buleusa. Pikipiki mpaka inapokubali, miguu inapokataa. Kifaru kilikuwa mfukoni, jicho moja pungufu.

Nilimkuta Papa kwenye uwanja wa shangazi, amekaa kwenye kigoda cha kuazima. Mzee aliyekaa kwenye kigoda cha mtu mwingine unamjua kwa mbali, anakalia nusu.

Nilipiga magoti. Nikakiweka mbele yake. Nikasema kila kitu, hata lile la taulo.

Alikichukua. Alipitisha kidole juu ya vichwa vya misumari, mstari baada ya mstari. Alivuta mnyororo, akaona unazunguka. Akakinusa.

"Haya ni matope ya kwetu."

"Ndiyo, Papa."

"Hizi misumari, ulifanya na nini?"

"Nywele za mswaki."

"Eh!" akasema.

Ile "Eh!" niliyoitaka. Ndugu zangu, ningeirudisha hapo hapo kama ingekuwa kitu cha kurudisha!

Akakiweka chini taratibu.

"Papa, turudi. Baba mdogo analima upande wa chini. Anasema anachunga."

Shangazi alitoka na mihogo, akaona nyuso zetu, akarudi nayo ndani.

"Mutoto wangu," Papa akasema, "ingekuwa blende ya kweli, ningerudi kesho. Muntu anaweza kukimbia blende na kurudi, hakuna anayemucheka. Miye nilikataa kukimbia bunduki. Nilikataa kukimbia moto. Nirudi leo waniite nani? Mzee aliyekimbia kifuniko ya Mama Sifa?"

"Walikimbia wote, Papa."

"Wote walikuwa na mazoea."

Nilimwachia koti jipya na dawa ya magoti. Kifaru nilitaka kukitupa mtoni. Akanizuia, akasema kazi ya mikono haitupwi, akakiweka juu ya dirisha la shangazi, kinatazama barabara.

Basi sikilizeni, ninyi mnaoaminiwa. Kama watu husubiri neno lako kabla ya kuinuka au kukaa, huna tena ruhusa ya kufanya mchezo hata nusu saa. Mchezaji mwingine akidanganya, watu hucheka. Wewe ukidanganya, watu hufunga magodoro. Na ukiona sentensi moja ya aibu inaweza kumaliza jambo, iseme hapo hapo, na taulo lako, na sabuni masikioni! Aibu ya dakika ile ingenitosha mwaka mzima. Hii niliyonayo sijui itaisha lini.

Na ukiwa na kitu cha kuungama, usianze na baba mdogo.

Mvua zimeanza. Baba mdogo amefika katikati ya mteremko. Mimi nimeshuka na jembe, naanzia juu kwenye njia, nalima kuelekea kwake. Kila asubuhi tunakaribiana, na hatusalimiani. Mikono ya fundi simu haijui jembe. Mistari yangu imepinda kama maandishi ya mlevi, na wapita njia wananiambia hivyo.

Nilimwandikia shangazi kwamba sehemu ya Papa haijalala bure. Jana akanitumia ujumbe wa sauti. Unaanza na habari za nyumbani, kuku, jirani aliyefiwa. Kisha, nyuma ya sauti yake, nasikia sauti ya Papa, iko mbali kidogo, kama ya mtu anayesimama:

"Muulize, upande wa juu amepanda nini?"

Shangazi anasema, "Ngoja." Ujumbe unaishia hapo. Nimejibu kwamba bado sijapanda, nangoja Papa aseme. Hawajajibu.